Waimbaji wa Kamina Walipokwenda Ulaya

Siku hizi twasikia mara nyingi habari za miji kufanya undugu. Wakubwa wa mji mmoja wa Afrika na wakubwa wa mji mmoja wa Ulaya hutia sahihi zao katika karatasi, watu hupiga makofi, na tangu siku ile miji hiyo miwili huitwa ndugu. Mwanza katika Tanzania ilifanya undugu na Würzburg ya Ujerumani mwaka 1966. Dar es Salaam na Hamburg walipatana mwaka 2010. Hapa kwetu Kongo, Lubumbashi ina undugu na mji wa Liège katika Ubelgiji. Mambo hayo ni mema, nasi twayafurahia.

Lakini watu wa miji midogo huuliza swali moja, nalo ni swali la haki: sisi tutapeleka nini? Wenzetu wa mbali wana vyuo, viwanda na maghala ya vitabu. Je, sisi tutakwenda kwao kunyosha mikono tu? Wazee walisema: mkono mtupu haulambwi. Undugu ambao siku zote mmoja hutoa na mwingine hupokea, mwisho wake ni dharau upande mmoja na uchungu upande wa pili.

Swali hilo lilipata jibu hapa Kamina, zaidi ya miaka sitini iliyopita, wala hapakuwa na karatasi yo yote iliyotiwa sahihi na meya. Walioleta jibu ni wavulana wa shule pamoja na walimu wao. Twataka leo kueleza habari yao, kwa maana vijana wetu wengi hawaijui, ijapokuwa watu wa nchi za mbali waijua.

MJI WA NJIA PANDA

Kamina si mji wa kale. Ni mji wa reli. Njia ya gari la moshi kutoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama mwaka 1918. Halafu ikaendelea kuelekea magharibi, ikapita Kamina, na mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, ambayo leo huitwa Ilebo, kwenye mto Kasai. Baadaye, mwaka 1956, ilimalizika njia ya pili, ile ya kutoka Kamina mpaka Kabalo, inayoungana na reli ya kwenda ziwa Tanganyika. Basi Kamina ikawa njia panda. Mtu aliyesimama stesheni aliweza kwenda kusini kwenye migodi ya shaba, au magharibi kwenda Kasai, au mashariki mpaka ziwani, na kutoka huko akavuka kwa meli mpaka Kigoma.

Kila mji wa njia panda huwa na watu wa namna nyingi. Kamina ni nchi ya Waluba wa Katanga, lakini reli ilileta pia Waluba wa Kasai, Wakanyoka, Walunda na wengine wengi. Waliongea Kiswahili kazini na sokoni. Jioni, kila jamaa waliimba nyimbo za kwao. Wakati wa matanga nyimbo hizo zilikutana uwanjani. Tafadhali mlikumbuke jambo hilo, maana ndilo lililoifanya Misa tutakayoieleza iwe na sauti za makabila zaidi ya moja.

Kazi ya dini katika sehemu hizi ilikuwa mikononi mwa Wafransisko wa Ubelgiji. Misioni ya Kamina iliwekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Bavo. Mtakatifu huyo ndiye msimamizi wa mji wa Gent katika Ubelgiji. Aliishi huko katika karne ya saba. Hivyo tangu mwanzo mji wetu uliunganishwa na mji mwingine wa mbali kwa jina la mtakatifu mmoja. Lakini jina hilo lilitoka upande mmoja tu. Kamina ilikuwa bado haijapeleka kitu cho chote upande wa pili.

MWALIMU MGENI

Mwaka 1953 alifika Kamina padre mmoja Mfransisko, jina lake Guido Haazen. Alizaliwa Antwerpen mwaka 1921. Alipewa kazi ya kuongoza shule kubwa ya hapo mjini. Muda mfupi baada ya kufika, alianzisha kwaya ya wavulana 45 hivi, wenye umri wa miaka tisa mpaka kumi na minne, pamoja na walimu 15 hivi wa shule hiyo hiyo, na wapiga ngoma. Kwaya ilipewa jina la mfalme wa Ubelgiji wa wakati ule, ikaitwa kwa Kifaransa Les Troubadours du Roi Baudouin, maana yake Waimbaji wa Mfalme Baudouin.

Twapaswa kukumbuka hali ya siku zile. Katika misioni nyingi za Afrika ngoma haikuingia kanisani. Wamisionari wengi waliiona kuwa chombo cha mambo ya kipagani, na Wakristu wengi walizoea kuona hivyo nao pia. Watu walifundishwa nyimbo za Ulaya zenye maneno yaliyotafsiriwa. Walimu wengi wa nyimbo walikuwa hodari, hatuwadharau. Lakini mara nyingi sauti ya wimbo ilikwenda juu mahali ambapo neno la lugha yetu hushuka, na kuyapotosha maneno. Mkristu aliyelia msiba nyumbani kwa wimbo wa babu zake, akija kanisani aliuacha wimbo ule mlangoni.

Hata hivyo mawazo yalianza kugeuka. Siku ya Noeli ya mwaka 1955, Baba Mtakatifu Pio XII alitoa barua yake juu ya muziki mtakatifu, Musicae sacrae disciplina. Humo aliwakumbusha wamisionari jinsi mataifa mengi yanavyopenda kuimba katika ibada zao, akataka Wakristu wapya nao wawe na nyimbo takatifu kwa lugha na sauti wanazozijua. Huku kwetu Katanga, Joseph Kiwele, mwalimu na mtunzi wa Elisabethville, alitunga Misa iliyoitwa Missa Katanga. Kwa hiyo Kamina haikuwa peke yake. Mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa mahali pengi.

MISA ISIYOANDIKWA

Maneno ya Misa siku zile yalikuwa ya Kilatini, na sheria ya Kanisa haikuruhusu kuyabadili. Kyrie ilikuwa Kyrie, Credo ilikuwa Credo, kutoka Roma mpaka Kamina. Basi watu wa Kamina wangeweza kuingiza nini cha kwao? Walibakiwa na sauti na mwendo wa wimbo: namna ya kuanza, namna ya kujibu, mahali pa kutulia, na mahali pa ngoma kuingia. Humo ndimo walimotia mali yao yote.

Kazi ilifanyika hivi. Padre na waimbaji walikutana, wakachukua maneno ya Kilatini, wakajaribu kuyaimba kwa namna za nyimbo walizozijua toka utotoni. Mmoja alitoa sauti, wengine wakamjibu. Waliyoyaona mazuri waliyashika, mengine wakayaacha. Hakuna nota iliyoandikwa. Kila mmoja aliiweka sehemu yake moyoni, na mwimbaji wa kwanza alikuwa na uhuru wa kupamba sauti yake jinsi wimbo ulivyomwongoza. Mwimbaji huyo alikuwa Joachim Ngoi, mwalimu wa shule. Sauti yake ndiyo inayosikika mpaka leo katika santuri.

Misa hiyo ikaitwa Missa Luba. Lakini tukiisikiliza vizuri, twaona kwamba ni Misa ya njia panda, kama mji wenyewe. Kyrie, Gloria na Credo zina mwendo wa kasala. Wazee wetu wanajua kasala ni nini: ni wimbo wa Waluba wa kumsifu mtu na kumlilia, wenye kutaja majina ya ukoo wake na matendo yake, unaoimbwa hasa kwenye msiba. Katika Credo, wanapofika mahali panaposema kwamba Kristu alisulibiwa, sauti ya kasala huungana na kyondo. Kyondo ni ngoma ya mti uliochimbwa, isiyo na ngozi, ambayo kwetu hutumika kupeleka habari mbali, na hasa habari ya kifo. Mtu wa Katanga hahitaji kuelezwa Kilatini hapo. Akisikia kyondo anajua kwamba mtu amekufa, na kwamba ukoo mzima unaitwa.

Sanctus ni ya namna nyingine. Mwendo wake ni wa wimbo wa kuagana, ule wanaouimba watu wanapoachana na mpenzi wao anayekwenda safari. Huimbwa polepole, kwa upole mwingi. Kisha huja Hosanna, nayo ina mwendo wa ngoma ya kuchezwa ya Kasai, yenye shangwe. Agnus Dei, wimbo wa mwisho, imefuata namna ya nyimbo za Bena Luluwa wa Kasai. Hivyo katika Misa moja watu waliokaa pamoja mjini walikaa pamoja hata katika wimbo. Miaka michache tu baadaye watu wa Kasai na wa Katanga walifarakanishwa na siasa, damu ikamwagika. Misa hii yashuhudia kwamba haikulazimu iwe hivyo.

Dominika, Machi 23, 1958, Missa Luba iliimbwa kwa mara ya kwanza katika Misa takatifu, hapa Kamina, misioni ya Mtakatifu Bavo. Waliosikia kwanza ni watu wa nyumbani. Twalitia mkazo jambo hilo kwa makusudi. Wimbo haukutungwa ili kuwafurahisha wageni. Ulizaliwa kwa ajili ya sala ya watu wa Kamina, na kwa sababu ulikuwa kweli wa Kamina, uliweza kwenda mahali pengine.

SAFARI YA MWAKA 1958

Mwaka ule ule kwaya iliondoka kwenda Ulaya. Ebu tuwaze: wavulana wa miaka tisa, kumi, kumi na mmoja, wengi wao hawajaona bahari. Waliimba katika Ubelgiji, katika Uholanzi na katika Ujerumani. Waliimba hata pamoja na kwaya ya wavulana ya Vienna, ambayo asili yake ni ya mwaka 1498 na sifa zake zimeenea dunia nzima. Hapo watoto wa reli ya Kamina walisimama bega kwa bega na watoto wa jumba la wafalme. Sauti zao zilirekodiwa katika santuri za kampuni ya Philips: Misa upande mmoja, na nyimbo za nchi upande wa pili.

Waliimba pia Bruxelles, wakati wa Maonyesho makubwa ya Dunia, yaliyofunguliwa Aprili 17 na kufungwa Oktoba 19, 1958. Watu zaidi ya milioni 40 walikwenda kuyaona. Hapo lazima tueleze jambo chungu, maana historia isiyotaja uchungu haifundishi.

KUTAZAMWA NA KUSIKILIZWA

Katika Maonyesho hayo Wabelgiji walijenga sehemu ya kuonyesha Kongo, na ndani yake kijiji cha nyumba za majani. Mafundi wa Kikongo waliletwa humo wafanye kazi zao mbele ya watu. Watazamaji walisimama nje ya uzio. Wengine waliwacheka mafundi wale, wakawatupia ndizi na sarafu, kama mtu anavyowatupia nyani. Mafundi wale walikuwa watu wazima, wenye ujuzi na heshima zao. Walilalamika, kisha, Maonyesho yakiwa yanaendelea bado, wakaondoka, wakarudi kwao. Kijiji kikabaki kitupu.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1897, siku za Mfalme Leopold II, Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji ili wakaonyeshwe Tervuren, karibu na Bruxelles. Saba kati yao walikufa huko. Makaburi yao yako mpaka leo kando ya kanisa la Tervuren, na majina yao yameandikwa juu ya mawe.

Basi katika mji mmoja, katika mwaka mmoja, watu wa nchi moja walikutana na watu wa Ulaya kwa njia mbili. Mafundi wa kijiji walitazamwa. Waimbaji wa Kamina walisikilizwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Anayetazamwa nyuma ya uzio hatakiwi kusema lo lote. Mtazamaji amekwisha kuamua mwenyewe maana ya anachokiona, naye hurudi nyumbani na mawazo yale ale aliyokuja nayo. Lakini anayesikilizwa huwalazimisha watu wanyamaze. Kwa muda ule wa wimbo, mwenyeji huwa mwanafunzi na mgeni huwa mwalimu.

Hatusemi kwamba kwaya ilikuwa huru na utawala wa siku zile. Ilibeba jina la mfalme, iliongozwa na padre Mzungu, na yamkini wengi waliopiga makofi waliona humo sifa ya utawala wao wenyewe. Hayo ni kweli. Lakini wavulana wale hawakwenda na mkono mtupu, wala hawakwenda na kitu cha kuigiza. Walikwenda na sala yao. Mtu aweza kucheka nyumba ya majani. Ni vigumu kumcheka mtu anayemlilia Kristu kwa sauti ile ile anayomlilia mama yake.

Wakongo waliokwenda Bruxelles mwaka ule walivuna kitu kingine pia. Walikutana wao kwa wao, watu wa Léopoldville na watu wa Katanga, wa Kasai na wa Mashariki, ambao nyumbani hawakuwa na njia ya kuonana. Waliona pia Wazungu wakifagia barabara na kubeba mizigo. Waliporudi, hawakuwa watu wale wale. Miaka miwili baadaye, Juni 30, 1960, Kongo ilipata uhuru.

WIMBO ULIWAPITA WAIMBAJI

Baada ya uhuru yakaja machafuko. Katanga ilijitenga Julai 11, 1960. Waluba wengi wa kaskazini walikataa kujitenga huko, na vita vikafika katika nchi yetu. Kambi kubwa ya kijeshi ya Kamina ilishikwa na askari wa Umoja wa Mataifa, ikashambuliwa mwaka 1961. Kujitenga kuliisha Januari 1963. Wakati huo wavulana wa mwaka 1958 walikuwa wamekua, sauti zao za kitoto zimekwisha kuvunjika. Kwaya ile ya safari ya Ulaya haikuweza kuwapo tena kama ilivyokuwa.

Lakini santuri ilibaki, na wimbo ukaendelea na safari peke yake. Mwaka 1964 Mwitalia Pier Paolo Pasolini alitoa filamu juu ya Injili ya Mtakatifu Mateo, aliyoitolea kumbukumbu ya Papa Yohane XXIII. Ndani yake husikika Gloria ya Kamina. Mwaka huo huo Ariel Ramírez wa Argentina alitunga Misa Criolla kwa nyimbo za kwao, na katika nchi nyingine Misa hizo mbili ziliuzwa pamoja katika santuri moja, upande mmoja Argentina, upande mmoja Kamina. Mwaka 1968 Sanctus yetu iliingia katika filamu ya Kiingereza iitwayo If...., ya Lindsay Anderson, na mwaka 1969 santuri ya wimbo huo ilikuwa miongoni mwa zilizonunuliwa sana katika Uingereza. Vijana wa shule za Kiingereza waliimba midomoni mwao wimbo wa kuagana wa Waluba, wala wengi wao hawakujua Kamina iko wapi.

Baadaye Misa iliandikwa kwa nota, na kwaya nyingi za Ulaya na Marekani zikajifunza kuiimba. Ndugu zetu wa Afrika ya Mashariki nao waliichukua: kwaya ya Kenya iitwayo Muungano, ikiongozwa na Boniface Mganga, iliirekodi, na santuri yao ilitoka mwaka 1990. Padre Haazen alifariki mwaka 2004.

Na huku nyumbani je? Jambo la ajabu lilitokea. Tarehe 4 Desemba, 1963, Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia, na mlango wa lugha za wenyeji ukafunguliwa. Mwaka 1988 Roma ilithibitisha kitabu cha Misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Ngoma, kucheza mbele ya altare na kuwaita wahenga wetu wema katika sala vikapata nafasi yake halali. Watu wakaanza kuimba Misa kwa Kiswahili, kwa Kiluba na kwa Lingala. Misa ya Kilatini yenye sauti za Kiluba ilikuwa imeonyesha kwamba jambo lawezekana; lilipowezekana, haja ya Misa yenyewe ikapungua. Ni kama ngazi iliyopandisha watu darini, halafu ikawekwa kando. Ndiyo sababu kijana wa Kamina aweza kukua bila kuisikia hata mara moja, na kijana wa London akaijua.

DENI LILILOBAKI

Sasa turudi kwenye swali letu la kwanza, juu ya miji na undugu wake. Habari hii yatufundisha mambo matatu.

La kwanza: anayetaka kubadilishana na mwenzake yampasa kwanza awe na kitu kilichomkomaa nyumbani. Missa Luba haikutengenezwa mezani kwa haraka kwa sababu wageni wanakuja. Ilitoka katika nyimbo za msiba, za safari na za shangwe ambazo watu walizitumia kila siku. Parokia au mji wo wote wetu ukipata rafiki wa mbali, usikimbilie kuuliza atatupa nini. Uulize kwanza: nini kwetu kilicho hai, ambacho yeye hana?

La pili: mapatano mazuri hufanywa na kazi ya pamoja. Padre Haazen alijua muziki wa Ulaya. Walimu na wavulana walijua nyimbo zao. Kila mmoja alikuwa mjinga upande mmoja na hodari upande mwingine. Kama padre angaliandika kila kitu peke yake, tungalipata wimbo mwingine wa Kizungu wenye ngoma nyuma yake. Kama waimbaji wangaliachwa peke yao, sheria za siku zile zisingaliwaruhusu kuingia kanisani. Wazee husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hapa mgeni naye alipona.

La tatu ndilo zito. Kubadilishana hakumaliziki mpaka kilichokwenda kirudi nyumbani. Katika vitabu vya nota tunasoma jina la Padre Haazen. Jina la Joachim Ngoi hujulikana na wachache. Lakini wale wavulana 45, wale walimu wengine, wale wapiga kyondo na ngoma, ni akina nani? Watu elfu na elfu wamesikia sauti zao, na hawajui jina hata moja. Watu saba waliokufa Tervuren majina yao yako juu ya mawe. Haifai walioimba wakarudi hai wawe na kumbukumbu ndogo kuliko waliokufa ugenini.

Hebu tuhesabu. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka tisa mwaka 1958 leo amepita miaka sabini na mitano. Aliyekuwa na miaka kumi na minne amepita themanini. Wengi wamekwisha kutangulia. Walio hai huenda wanakaa karibu nasi, Kamina, au Bukama, au Lubumbashi, au wamehamia Kasai. Pengine ni babu yule akaaye kiti cha mwisho kanisani, ambaye watoto humwona mzee wa kawaida tu. Kila mwaka unaopita huondoa wengine, na mwaka utakuja ambao hatabaki hata mmoja wa kuulizwa.

Kwa hiyo twaomba parokia zetu zifanye kazi ndogo. Katekista mmoja, au mwalimu mmoja wa kwaya, achukue daftari. Aende kwa wazee, aulize: nani aliimba? Nani alipiga kyondo? Alitoka kijiji gani, ukoo gani? Wimbo ule wa kuagana uliofanywa Sanctus, nani aliuleta, na nyumbani kwao waliuimbaje? Aandike majina kama yanavyotamkwa, kwa mkono safi. Daftari moja libaki parokiani, la pili lipelekwe jimboni. Kisha kwaya zetu zijifunze tena walau Sanctus na Agnus Dei, si kwa nota tu, bali kwa kusikiliza na kujibu, kama walivyofanya wale wa kwanza.

Kazi hiyo haihitaji fedha za wageni. Ikimalizika, basi na tuandike barua kwa miji iliyowapokea watoto wetu mwaka 1958, tukawaambie: wale mliowasikia, majina yao ni haya. Hapo undugu utakuwa na pande mbili. Nasi twajua jinsi ya kuwakumbuka watu kwa majina yao na ya ukoo wao, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote watajwe. Ndiyo kasala yenyewe. Wao waliwaimbia wengine; sasa ni zamu yetu kuwaimbia wao.